Miwani janja na kompyuta: skrini tatu zinazoelea au moja inayotulia?

Kazi yangu ni kufasiri. Mbele yangu lazima pawe na vitu vitatu kwa wakati mmoja: matini ya asili, tafsiri yangu na kamusi. Kwa miaka mingi nilivibananisha kwenye laptopu ya inchi 14, madirisha yakipandana kama nyumba za mtaa wa Langoni hapa Lamu. Kununua monita mbili kubwa hakukunisaidia kitu, kwa sababu nyumba yangu ni ya mawe ya kizamani, na anayezijua nyumba za Lamu anajua vyumba vyake: virefu, vyembamba, upana wake umekatwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, hata mita tatu haufiki. Ukiweka meza pana humo, watu hawapiti.

Ndiyo maana nilinunua miwani ya skrini pepe, na ninakaribia kumaliza mwaka nikiifanyia kazi. Juzi binti wa dada yangu, mhasibu aliye Malindi, alinipigia.

"Shikamoo mjomba. Nimeona miwani inayokupa skrini tatu hewani. Ninunue?"

"Marahaba mwanangu. Kwanza niambie laptopu yako ni ya nani, yako au ya kazini?"

Alishangaa, kwa kuwa alitarajia nimuulize ana pesa kiasi gani. Lakini swali hilo ndilo lililoamua mambo, kama utakavyoona. Nimeandika hapa yote niliyomweleza, na mengine niliyoyasahau kwenye simu.

Miwani ipi tunayoizungumza

Kuna mkanganyiko unaowagharimu watu. Ray-Ban za Meta walizozizoea wengi ni za kamera na sauti: unapiga picha, unasikiliza, unaongea nayo. Hizo hazichomekwi kwenye kompyuta zikawa monita. Tunazozitaka hapa ni za kampuni kama Xreal, Viture na Rokid. Ndani yake mna viskrini viwili vidogo vya OLED, kimoja kwa kila jicho, kila kimoja mara nyingi kikiwa na pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 1920 kwa 1080, na kioo kinachoakisi picha kuelekea jichoni. Nyingi hazina betri. Waya mmoja wa USB-C unaleta picha na umeme kwa pamoja, na kwa kompyuta yako miwani hii ni monita tu kama monita nyingine.

Sasa ile habari ya "inchi 130". Ni kweli, ila ni inchi 130 zilizosimama mita 4 kutoka ulipo. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Miwani yenye upana wa kuona wa digrii 46, unaopimwa kutoka pembe hadi pembe, inajaza macho yako karibu sawasawa na monita ya inchi 24 iliyowekwa sentimita 70 mbele yako. Si ukuta wa sinema. Ni monita nzuri ya ofisini ambayo haikai juu ya meza, na kwangu mimi hilo linatosha kabisa. Anayenunua akitarajia ukuta atasononeka siku ya kwanza.

Tundu kabla ya miwani

Hapa mimi niliumia, na nisingependa mwingine aumie hivyo hivyo. Laptopu yangu ya zamani ilikuwa na tundu la USB-C, nikaona yatosha. Miwani ikafika, nikachomeka, giza. Tundu lile lilikuwa la kuchajia na kuhamisha faili tu. Ili miwani iwake, lazima tundu litoe picha kwa njia ya DisplayPort. Tazama ubavuni mwa laptopu: alama ya DP au ya radi ya Thunderbolt ni habari njema. Ikiwa hakuna alama yoyote, tafuta jina kamili la modeli kwenye tovuti ya mtengenezaji usome maelezo ya tundu hilo. MacBook za miaka ya karibuni kwa ujumla ziko salama katika hili.

Mwenye tundu la HDMI pekee, lile la kuunganishia televisheni, hajafungiwa mlango, lakini HDMI haina umeme wa kutosha kuendesha miwani, hivyo utahitaji adapta yenye umeme wake, wa betri au wa waya wa pili. Nilitumia hiyo kwa miezi miwili. Inafanya kazi. Ni mzigo pia: nyaya tatu juu ya meza, na adapta ikiisha chaji sentensi inakatika katikati. Halafu, kwa njia hiyo miwani na kompyuta hazizungumzi. Picha inapita, taarifa za mgeuko wa kichwa hazipiti. Kumbuka hili, litarudi.

Njia tatu za kupanga skrini

Njia ya kwanza ni kuchomeka tu. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kupanua badala ya kurudia. Kwenye Mac ingia mipangilio ya skrini. Acha 1920 kwa 1080, kisha kwenye Windows kuza maandishi hadi asilimia 125. Basi, unayo monita ya pili. Haihitaji programu wala ruhusa ya mtu, na herufi zake ndizo kali kuliko za njia nyingine zote, kwa kuwa kila pikseli ya kompyuta inaangukia pikseli moja ya miwani. Ubaya wake ni kwamba skrini imegandamana na uso wako. Ukigeuka inageuka, ukikohoa inaruka. Unapotaka kusoma pembe ya juu kushoto huwezi kuelekeza kichwa. Unabaki kuzungusha mboni, na pembeni ndiko lenzi hizi zinakofifia. Kwa filamu haina neno. Kwa kurasa ishirini za mkataba, shingo yangu ilikaza kama kamba ya jahazi.

Njia ya pili ndiyo inayotangazwa kwa shangwe: programu inayokaa ndani ya kompyuta na kukutengenezea skrini kadhaa. Xreal wana Nebula, Viture wana SpaceWalker, na watu wa Linux wana Breezy Desktop, inayokubali miwani ya kampuni zaidi ya moja. Kompyuta inabuni skrini ambazo hazipo, inasoma kihisi cha mgeuko kilicho ndani ya miwani, kisha mara makumi kwa sekunde inachora kile kipande tu ambacho kichwa chako kimekielekea. Skrini zinakaa mahali pamoja na wewe unazitazama kwa zamu, kushoto matini, katikati tafsiri, kulia kamusi. Siku ya kwanza nilifurahi sana.

Wiki ya pili nikaanza kuhesabu gharama. Kazi yote ile ya kuchora inabebwa na kompyuta, kwa hiyo feni inalia na betri inashuka. Laptopu isiyo na kadi ya picha yenye nguvu inahema. Kuna kuchelewa kidogo kati ya kugeuka kwako na kugeuka kwa picha, na macho hayasamehe jambo hilo. Wenye kichwa chepesi hupata kizunguzungu. Kwenye Mac utaombwa ruhusa ya kurekodi skrini, na usipoitoa hupati kitu. Mfumo wa kompyuta ukisasishwa, programu inaweza kukataa mpaka nayo isasishwe. Na lile la HDMI sasa linarudi: kwa adapta ya namna hiyo programu haioni mgeuko wako, njia hii imekufa.

Pia kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi. Skrini ziko tatu, lakini dirisha lako la kuonea ni lilelile la digrii 46. Hutaziona zote tatu kwa pamoja hata siku moja. Unachopata ni kugeuza shingo badala ya kubadilisha dirisha kwa kidole, na mara nyingine kidole ni chepesi kuliko shingo.

Njia ya tatu ni miwani yenye chipu yake. Xreal One, iliyotangazwa mwisho wa 2024 kwa dola 499, ina chipu wanayoiita X1, na kazi ya kuituliza skrini hewani inafanyika ndani ya miwani yenyewe. Kampuni inataja kuchelewa kwa milisekunde 3, na kwa macho yangu skrini imesimama kama picha ukutani. Kompyuta haijui lolote, inaona monita. Kwa hiyo inakubali Windows, Mac, Linux, simu, na hata laptopu ya ofisi iliyofungwa. Kwa kitufe cha ubavuni unachagua skrini itulie au ikufuate. Ukiingia kwenye menyu yake unaweza kuifanya iwe ndefu, pikseli 3840 kwa 1080, yaani monita mbili zilizoungana bila ufa. Hapo nimepanga madirisha yangu matatu kwa kitufe cha Windows na Z, na hivi ndivyo ninavyofanya kazi leo.

Ikiwa una haraka, hukumu yangu ni hii: skrini moja ndefu inayotulia inamfaa msomaji wa maandishi kuliko skrini tatu zinazotetemeka. Njia ya pili ningemwachia mwenye laptopu yenye nguvu, iliyo mali yake, na anayependa kushughulika na mipangilio. Watu wa namna hiyo wapo, na Breezy hasa ni kazi ya kuheshimiwa.

Herufi na macho

Ukali wa herufi hupimwa kwa pikseli zinazoingia katika kila digrii ya macho. Jicho lenye afya linaweza kupambanua kama 60. Laptopu yangu ya inchi 14, nikiitazama kwa sentimita 50, inanipa takriban 55. Monita ya kawaida ya inchi 24 inatoa kama 46. Miwani ya digrii 46 inatoa kama 48, na Xreal One yenye digrii 50 inashuka hadi 44. Xreal One Pro, yenye digrii 57, iko chini ya 40. Umeona mambo yanavyokwenda? Pikseli ni zilezile. Ukizitandaza mahali papana zinapungua uzito. Anayetaka filamu na achukue upana. Anayesoma herufi ndogo mchana kutwa asivutwe na digrii nyingi.

Tena, skrini inapotulizwa hewani, picha inachorwa upya kwa kila mgeuko mdogo wa kichwa, na herufi zinalainika kidogo. Ninapokagua nukta na mkato kwa mara ya mwisho hubonyeza kitufe skrini inifuate, ili nipate ule ukali kamili.

Habari njema ni kwa sisi tuliovuka miaka 45. Mimi husoma kwa miwani ya kusomea; bila hiyo gazeti ni ukungu. Lakini picha ya miwani hizi imewekwa mita kadhaa mbele kwa hesabu za lenzi, hivyo macho yanayoona mbali vizuri yanaisoma bila msaada. Miaka mingi sikuwa nimesoma kamusi kwa macho yangu matupu, na sitaki kuficha kwamba jambo hili pekee lilinigusa kuliko skrini zote. Upande wa pili ni kwamba kibodi, iliyo karibu, inabaki ukungu. Nililazimika kujifunza kuchapa bila kutazama vidole, na ilinichukua wiki nne za uvumilivu.

Wasioona mbali wana njia mbili. Viture Pro ina gurudumu dogo juu ya kila jicho linalorekebisha hadi hasi 5 za kipimo cha lenzi, na Rokid Max hadi hasi 6. Xreal haina gurudumu. Unapeleka vipimo vyako kwa fundi wa miwani akukatie lenzi za kupachika ndani. Gurudumu ni rahisi, ila halirekebishi astigmatizimu, yaani ukungu wa jicho lisilo duara sawasawa. Mwenye tatizo hilo aende kwa lenzi za kupachika moja kwa moja.

Kofia nzito na monita ya mkononi

Watu huniuliza kuhusu Meta Quest 3. Ilitoka 2023 kwa bei ileile ya dola 499, haihitaji waya, na kwenye Windows 11 inaweza kukupa skrini tatu kubwa zinazotulia hata ukiinuka na kutembea. Kwa hilo inaishinda miwani, ambayo kwa kawaida hufuata mgeuko wa kichwa tu na si mwendo wa mwili. Lakini ina uzito wa gramu 515, wakati Xreal One haifiki 90. Betri yake ni ya saa mbili na ushee. Pikseli zake ni kama 25 kwa digrii, nusu ya miwani, na kwa mfasiri hapo ndipo mazungumzo yanapoishia. Ongeza joto la Lamu mwezi wa Februari, na sponji iliyobana uso mzima.

Monita ya mkononi ya inchi 15.6 inastahili heshima zaidi kuliko inavyopewa. Mara nyingi bei yake haifiki nusu ya bei ya miwani. Inachomekwa kwa tundu lilelile la USB-C, inakula umeme wa laptopu, herufi zake ni kali hadi ukingoni, na mtu aliye kando yako anaona unachomwonyesha. Mwalimu, mhasibu anayekaa na mteja, fundi anayemwelekeza mwanafunzi, hawa wote miwani itawatenga. Inachokosa ni faragha, ukubwa, na mahali: inataka meza, na kwangu meza ndiyo haipo.

Mambo ya hapa kwetu

Jasho ndilo adui wa kwanza. Pua ikilowa miwani inateleza milimita mbili, na milimita mbili zinatosha kuufuta mstari wa chini wa skrini. Miwani huja na vipachiko vya pua vya saizi kadhaa. Vijaribu vyote, usikubali cha kwanza. Mimi hufanya kazi ndefu alfajiri mpaka saa nne, na tena baada ya alasiri upepo ukiingia.

Mwanga wa jua darini, hata chini ya makuti, unamaliza picha. Miwani zinazojitia giza kwa kitufe, kama Xreal One, zinasaidia sana. Nyingine hupewa kifuniko cheusi cha kubandika. Chumbani, kwenye kuta nene na madirisha madogo, hakuna shida kabisa. Nyumba za babu zetu zilijengwa kama vile zilijua.

Stima ikipotea, miwani inaendelea. Inakula wati chache kutoka kwa laptopu, na ukipunguza mwanga wa skrini ya laptopu yenyewe hadi mwisho, unarudisha sehemu ya ulichotoa. Chumvi ya bahari iogope: futa ncha ya waya, hifadhi miwani kwenye boksi lake na kile kipakiti cha kunyonya unyevu.

Katika basi kati ya Malindi na Mokowe, skrini iliyotulizwa itakukimbia kila basi linapokata kona, kwa sababu kihisi hakiwezi kutofautisha kugeuka kwa kichwa na kugeuka kwa gari. Weka skrini ikufuate. Vivyo hivyo kwenye mashua. Na hata ukiwa umekaa kitini, baada ya saa moja skrini inaweza kuwa imesogea kidogo upande. Kihisi kinakusanya makosa madogo madogo. Irudishe katikati kwa kitufe.

Jambo la mwisho la hapa ni la adabu. Barazani mtu hupita na salamu, na mimi nimekaa na miwani nyeusi nikitazama hewa. Mzee mmoja alinitolea salamu mara mbili sikuitikia, kwa kuwa nilikuwa na visikizio masikioni pia. Nilimfuata hadi msikitini kumwomba radhi. Tangu siku hiyo sivai nje. Wanawake wa jirani nao waliniuliza, kwa haki yao, kama ninawapiga picha. Miwani yangu haina kamera, nikawapa waitazame. Ipo kamera ndogo inayouzwa kando ya kupachika kwenye Xreal One. Sikuinunua, na katika mji wa vichochoro kama huu singeinunua.

Mpwa wangu alichochagua

Laptopu yake ni ya kazini, na imefungwa: hawezi kuweka programu yoyote. Njia ya pili ikaanguka hapo hapo. Tundu lake la USB-C linatoa picha, kwa hiyo zilibaki miwani yenye chipu na monita ya mkononi. Nilimkumbusha kwamba ukiagiza kutoka nje ujumlishe ushuru na VAT ya asilimia 16 kabla hujalinganisha bei. Kisha nikamwambia asinunue chochote mpaka aje.

Alikuja Idd, tukaketi baada ya chakula. Nilimkataza kufungua filamu. "Fungua ile faili unayoifanyia kazi kila Jumatatu." Akafungua leja, safu kumi na tisa za tarakimu, maandishi madogo. Alifanya kazi saa nzima. Katikati ya skrini alisoma vizuri, lakini kwenye safu za pembeni alisoma 3 akaandika 8, mara mbili, na mara zote mbili aligundua baada ya jumla kukataa.

"Mjomba, ni nzuri," akasema akiivua taratibu, "lakini wateja wangu hukaa ubavuni mwangu. Nao huonyesha kwa kidole."

Alichukua monita ya mkononi. Ananitumia picha yake ikiwa mezani kwake Malindi, mteja upande mmoja, chai upande wa pili.